Fundi wa Jukwaa na Wanafunzi Wake

Katika nyumba zetu za pwani kazi ya mtu huhesabiwa kwa kile anachokiacha. Mshona kofia huacha kofia. Mchonga mlango huacha mlango utakaopitwa na wajukuu wake. Na marehemu baba yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliyekuwa fundi wa majahazi kule Pangani, aliacha vyombo vilivyokuwa vikienda na kurudi baharini hata baada ya yeye kuzikwa. Ndiyo maana mtu akikwambia kwamba mwanawe anataka kujifunza kazi ya kutengeneza vitu ambavyo baada ya wiki tatu huvunjwa na mbao zake kutupwa kando, moyo husita. Si kwamba umeshaona ubaya wake, bali hujui uiweke katika kapu lipi.

Mwana mwenyewe ni mpwa wangu. Kazi aitakayo ni ile ya kubuni mandhari ya jukwaa la maigizo. Kwa wasioijua, mambo yake ni hivi. Mchezo unapotaka kuonyeshwa, lazima awepo mtu wa kuamua jukwaa litakuwa na sura gani: ni nyumba au ni njia, mlango uko kushoto au kulia, ngazi ina vidato vingapi, mwangaza utaingilia wapi, na mwigizaji akiondoka kwa hasira atakwenda hatua ngapi kabla hajapotea machoni mwa watu. Mtu huyo husoma mchezo, huchora, hutengeneza mfano mdogo kwa karatasi ngumu na gundi, kisha michoro huikabidhi kwa maseremala, wahunzi na wapaka rangi. Usiku wa mwisho wa maonyesho, watu wanapokwenda zao kulala, mafundi huingia na nyundo na kuondoa kila kitu, maana jukwaa linangojewa na mchezo mwingine.

Dada yangu aliposikia habari hizi alinijia nyumbani Tanga akiwa amejifunga kibwebwe. Ada ya masomo ingetoka katika shamba la minazi alilotuachia baba, na shamba hilo ni la sisi sote. Akanambia, "Kaka, baba aliacha minazi, na huyu anataka kuigeuza mapazia. Wewe ndiwe mjomba wake, sema naye." Nanyi mnajua, ndugu zangu, neno la mjomba lina uzito gani kwetu. Likitoka limetoka. Akikataa mjomba, hata baba mzazi hujikuta ana kazi ya kubisha.

Sikutaka kujibu kwa pupa. Mimi nimefundisha useremala miaka 33 katika shule za serikali, na nimeona vijana wengi waliozuiwa kitu kwa neno moja la mkubwa ambaye hakukijua kitu chenyewe. Basi nikamwambia kijana: niletee habari za mtu mmoja aliyeishi kwa kazi hii tangu ujana hadi uzeeni. Usiniletee tajiri wa mwaka mmoja. Nitasoma maisha yake, kisha nitasema neno langu.

Akaniletea Mchina mmoja wa Marekani aitwaye Ming Cho Lee.

Mtu huyu alizaliwa Shanghai tarehe 3 Oktoba 1930. Wazazi wake waliachana angali mtoto. Alipokuwa kijana alijifunza uchoraji wa Kichina, ule wa milima na maji na ukungu, ambao mchoraji huacha sehemu kubwa ya karatasi tupu ili jicho lenyewe lijaze. Jambo hili nalitaja kwa sababu litarudi mbele. Mwaka 1949, China ilipokuwa katika misukosuko ya kubadilika utawala, alikwenda Marekani na kuingia chuo cha Occidental mjini Los Angeles. Mwaka 1954 akahamia New York, angali kijana, mgeni wa mji na mgeni wa lugha, akaanza kazi ya usaidizi kwa Jo Mielziner, mkubwa wa fani hiyo kwa zama zile, aliyekuwa ametengeneza jukwaa la mchezo wa Death of a Salesman mwaka 1949.

Hapa nilimwita kijana nikamwonyesha kwa kidole. Nikamwambia: umeona? Huyu hakuanza kwa jina. Alikaa kwa bwana wake miaka kadhaa, akichora alichoambiwa achore na kukata alichoambiwa akate. Ndivyo alivyofanya babu yako. Kabla hajaruhusiwa kugusa mkuku wa jahazi, alipika gundi na kusokota pamba ya kalafati hata mikono ikaota sugu. Kijana akaitika, "Naam, mjomba," lakini nadhani alikuwa na haraka tufike kwenye sifa.

Sifa zilikuja, ila hazikuja pale wengi wanapozitazamia. Wamarekani wana mtaa wao uitwao Broadway, mjini New York, ambako michezo mikubwa ya kuigiza huonyeshwa kwa fedha nyingi, na kila mwenye fani hii hutamani jina lake lisomwe pale. Ming Cho Lee alifika. Mwaka 1962 alitengeneza jukwaa la mchezo mmoja Broadway, ukaonyeshwa usiku mmoja tu ukafungwa. Mwaka 1968 akatengeneza mwingine, nao vilevile usiku mmoja. Mwaka 1969 aliitengenezea michezo miwili, Billy mwezi Machi na La Strada mwezi Desemba, na kila mmoja ulifungwa baada ya usiku wake wa kwanza. Hebu fikirini jambo hili. Miezi ya kusoma, kuchora, kukata mifano midogo kwa kisu, kubishana na maseremala juu ya kila boriti, halafu watu wanaingia saa mbili ya usiku, wanatoka saa tano, na kesho yake kimebaki kifusi. Jukwaani si yeye aliyesema maneno mabaya wala kuimba vibaya, ila mchezo ukianguka huanguka na kila kilichosimama juu yake.

Nalimsomea dada yangu sehemu hii kwa simu, maana nilitaka haki itendeke pande zote mbili. Akacheka, akasema, "Si nilikwambia?"

Lakini kulikuwa na upande mwingine. Tangu mwaka 1962 bwana huyu alikuwa mbunifu mkuu wa michezo ya Shakespeare iliyosimamiwa na Joseph Papp katika bustani kubwa ya Central Park, mjini New York. Michezo ile ilikuwa bure. Mtu alipanga foleni, akapata nafasi, akaketi chini ya mbingu pamoja na wenzake, mwenye gari na mchukuzi. Akadumu katika kazi hiyo zaidi ya miaka kumi.

Sasa ndugu msomaji, jukwaa la nje si jambo jepesi. Ndani ya jumba unaweza kupaka rangi kwenye turubai na kwa taa za namna fulani turubai likawa msitu. Nje miti ya kweli imesimama nyuma yako, upepo unavuma, mvua ikitaka inanyesha, na msitu wako wa rangi unaonekana kama kanga iliyoanikwa. Ming Cho Lee aliacha kushindana na miti. Mwaka 1964, kwa mchezo wa kale wa Kiyunani uitwao Electra, alisimamisha mabomba kama yale wanayopandia waashi, na katika mabomba hayo akaning'iniza kuta zilizochakaa mfano wa mawe ya kale. Hakuchora jumba la mfalme. Aliweka vitu vichache vizito, vilivyokwenda juu badala ya kutandazwa upana, na nafasi iliyobaki akaiacha tupu. Watu waliojua fani yake walisema kwamba tangu hapo majukwaa ya Marekani yalianza kubadilika, na mabomba yakawa yanaonekana kila mahali. Mimi nilipotazama picha zake niliikumbuka ile karatasi ya Kichina iliyoachwa nusu bila wino.

Kwa muda wa siku kadhaa nilikuwa na picha hizo kila baada ya sala ya alasiri, nikizikuza katika simu ya kijana ili nione viungo. Fundi seremala hutazama viungo. Ukimwonyesha kitanda atainama kuangalia chini yake kabla hajasifu kichwa chake. Nikaona kwamba mtu huyu, pamoja na kuwa kazi yake ni ya kuvunjwa, hakufanya kazi ya mtu anayejua itavunjwa. Mifano yake midogo, ambayo nusu inchi husimama badala ya futi moja ya jukwaani, ina ngazi zenye vidato vinavyohesabika na kuta zenye nyufa.

Kazi yake iliyonikalisha kitako ni ya mchezo uitwao K2, uliofika Broadway mwaka 1983. K2 ni mlima wa mpakani mwa Pakistan na China, wenye urefu wa mita 8,611, wa pili kwa urefu duniani. (Nikiwa hapa niongeze neno ambalo halimo katika mchezo. Mlima huo ulipopandwa hadi kileleni mara ya kwanza, na Wataliano mwaka 1954, Mwislamu mmoja wa Hunza aitwaye Amir Mehdi aliwapandishia mitungi ya oksijeni yeye na Walter Bonatti, wakalala usiku kucha nje katika theluji bila hema, na Mehdi akapoteza vidole vya miguu. Wanaokumbuka majina ya waliofika kileleni ni wengi kuliko wanaolikumbuka lake.) Mchezo wenyewe una watu wawili tu, waliokwama juu ya ukingo mwembamba wa barafu. Mmoja amevunjika mguu, kamba ni moja, na yule mzima lazima aamue kama atashuka peke yake.

Wangeweza kuweka jiwe moja na kitambaa cheupe. Ming Cho Lee aliujenga ukuta wa barafu. Ulianzia chini ya sakafu ya jukwaa na kupanda hadi ukapotea juu ya pazia, hivyo mtazamaji hakuuona mwanzo wake wala mwisho wake, na wale watu wawili walikuwa kama kunguni ukutani. Barafu ile ilichongwa kwa povu gumu jeupe, lile lile linalofungashiwa televisheni madukani, juu ya kiunzi imara, kwani waigizaji walikuwa wakiupanda kwelikweli. Kwa kazi hiyo alipewa tuzo ya Tony, iliyo kubwa katika mambo ya maigizo kwao. Mchezo haukutimiza hata miezi mitatu, ukafungwa, ukuta ukabomolewa.

Najua wako watakaoniuliza juu ya maigizo yenyewe, yafaa au hayafai. Wanachuoni wamesema mengi na hawakusema jambo moja, na mimi ni mwalimu wa randa na patasi. Nilichofanya ni kumpeleka kijana kwa sheikh wetu akaulize mwenyewe. Sheikh alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza: "Huo mchezo utakaousimamishia kuta, unasema nini?" Kijana alikuwa na jibu kuhusu rangi na mbao na taa. Sheikh akarudia swali lile lile. Tulirudi nyumbani kimya. Mimi mwenyewe, katika orodha ya kazi za Ming Cho Lee, nimeona michezo ambayo nisingewapeleka watu wa nyumbani kwangu kuitazama, na nimemwambia kijana hivyo bila kuficha.

Lakini swali la sheikh lilinisaidia kuifahamu sehemu iliyobaki, nayo ndiyo iliyonifanya nimtafute mtu huyu hata usiku. Mwaka 1969, ule ule ambao michezo yake miwili ilikufa kwa usiku mmoja mmoja, Ming Cho Lee alianza kufundisha katika chuo kikuu cha Yale, mjini New Haven. Yeye alikaa New York, na kati ya miji hiyo pana kiasi cha kilomita 120. Alifundisha huko hadi mwaka 2017, miaka 48, akaacha akikaribia umri wa miaka 87. Darasa lake la Jumamosi lilijulikana na kila mtu wa fani hiyo. Mwanafunzi alileta michoro na mfano wake mdogo, akauweka mezani mbele ya wenzake, na mwalimu akaanza kuuliza. Hakuuliza kwanza kama ni mzuri. Aliuliza mchezo unahusu nini, watu hawa ni akina nani, wanaishi katika nchi ya namna gani, na kwa nini ukuta huu uko hapa. Kijana asiyekuwa na jibu, hata angechora kama malaika, alirudi kusoma. Alikuwa mkali, na waliopita mikononi mwake wameusimulia ukali huo kama watu wanavyosimulia bakora za mwalimu wa chuoni, kwa kulalama na kwa mapenzi.

Kisha kwa miaka mingi alifanya jambo ambalo hakuna mkataba uliomtaka alifanye. Kila mwaka aliwakusanya New York vijana waliokuwa wakimaliza masomo katika vyuo mbalimbali, hata visivyokuwa chake, wakatandaza kazi zao mezani, naye akawaalika wakubwa wa fani waje kuzitazama. Mwenyewe alipita meza kwa meza. Sisi walimu tunajua maana yake. Kumfundisha kijana ni kazi ya mshahara. Kumtafutia mtu wa kumpa kazi, na huku kijana huyo si wa shule yako, na kesho huenda akachukua kazi iliyokuwa ije kwako, hilo mshahara haulifiki.

Mwaka 2013 alipewa tuzo ya Tony ya kazi ya maisha yake yote. Mwaka huo huo, tuzo ya jukwaa bora la mchezo ilikwenda kwa John Lee Beatty, aliyesoma kwake Yale. Wengine waliopita darasani mwake na kupata tuzo ya Tony ni Heidi Ettinger na Michael Yeargan, na huyu Yeargan akaja kufundisha pamoja naye. Nchi yake ya pili nayo ilikuwa imempa nishani ya taifa ya sanaa mwaka 2002. Alifariki New York tarehe 23 Oktoba 2020, amekwisha timiza miaka 90. Mkewe Betsy, waliyeoana mwaka 1958, ndiye aliyekuwa msaidizi wake na mtunza michoro yake, na kama si mama huyo nadhani hata mimi nisingekuwa na cha kutazama.

Nilipomaliza nilihesabu mambo yangu mwenyewe. Katika miaka 33 nimetengeneza pamoja na wanafunzi madawati yasiyo na idadi, na sijui hata moja liko wapi leo. Mengi yameliwa na mchwa. Lakini nikipita sokoni Tanga huitwa "mwalimu" na watu wenye mvi, na mmoja wao ana karakana ya madirisha, na anawafokea vijana wake juu ya kupima mara mbili kabla ya kukata, kwa maneno yangu na hata kwa sauti yangu. Hata jahazi, wasomaji, huoza. Niliwahi kuliona moja la baba, mataruma yake yametoka nje kama mbavu za ng'ombe wa njaa, limelala katika tope la mto Pangani. Mafundi aliowafundisha walikuwa bado kazini hatua chache kutoka hapo.

Basi nikatoa neno langu. Nilimwambia dada kwamba minazi isiuzwe kwanza. Ada ya mwaka wa mwanzo nitaitoa mimi, na sehemu yangu ya mavuno ya shamba naiweka upande wa kijana. Si lazima aende Ulaya wala Marekani. Bagamoyo pana chuo cha sanaa tangu mwaka 1981, na ni karibu kiasi cha kurudi nyumbani Idi zote mbili. Nikamwekea na sharti: kabla ya kwenda, akae miezi sita katika karakana kwa fundi nitakayemchagua mimi, ajue mbao inavyopasuka, na asishike brashi ya rangi mpaka aruhusiwe. Dada alinisikiliza, akauliza, "Na akimaliza atafundisha?" Nikamwambia akiwa na cha kufundisha, atafundisha. Akanyamaza. Kwa dada yangu kunyamaza si kukubali, lakini si kukataa.

Wiki ile kijana alileta sebuleni kitu alichokuwa akikitengeneza kwa maboksi ya viatu. Ilikuwa nyumba ya bibi yake ya Pangani, iliyoanguka miaka mingi iliyopita. Alikuwa ameiumba kwa nilivyomsimulia mimi, nusu inchi kwa futi: baraza, ukumbi, ua, na mlango mkubwa unaofunguka. Akaiweka juu ya mkeka mbele ya mama yake. Dada hakusema neno. Alivaa miwani, akainama, akachungulia ndani kwa mlangoni kama mtu anayetaka kupiga hodi. Akakaa hivyo kwa muda. Kisha akanyosha kidole.

"Dirisha la jiko halikuwa hapa," akasema. "Lilikuwa upande wa kisima. Mama alikuwa akiniita kupitia hapo. Na huu mkungu mbona umeuweka mbali hivi? Ulikuwa unagusa paa."

Kijana akatoa kalamu kuandika. Mama yake akamwambia aache kuandika, alete mkasi na gundi.